Siku Tuliyomwacha Bibi Yustina Mlimani

Swali la kwanza nililoulizwa na abiria katika kazi yangu lilikuwa, "Dada, choo kiko wapi?"

Wiki nzima nilikuwa nimekariri habari za misafara ya zamani: pembe za ndovu, wapagazi wa Kinyamwezi waliotembea hadi pwani na kurudi, Waarabu wa Kwihara, jirani na Tabora, Wazungu waliofika wakitetemeka kwa homa. Nilisimama mbele ya basi na kipaza sauti mkononi, nikavuta pumzi nianze, na mama mmoja wa kiti cha tatu akaniuliza choo. Sikujua. Nilijua milango ya nyumba ya tembe ya Kwihara ilichongwaje, lakini choo sikukijua. Nilipigwa na bumbuwazi kiasi kwamba nikasema, "Asante kwa swali zuri," na basi zima likacheka.

Nimestaafu mwaka huu. Vijana mlionirithi mmeniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi ya kuongoza wasafiri. Sitawaandikia nilivyopanda cheo, kwa sababu sikupanda sana, na mambo ya mshahara mnayajua wenyewe. Nitawaandikia namna ya kazi, na mwishoni nitawaeleza siku moja ambayo mpaka leo sijaisahau.

Siku ile ya kwanza nilijifunza pia kwamba kipaza sauti kina swichi. Tuliporudi mjini nilijitupa kwenye kiti changu, nikasema kwa sauti ya chini, "Ee Mungu wangu, hawa watu wananiua." Abiria wote thelathini na tano wakaitika, "Amina." Tangu hapo sikuwahi kusema jambo ndani ya basi kabla ya kuitazama ile swichi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa dereva wetu, Mzee Mrisho. Alikuwa mtu wa Tabora mjini, mfupi, mwenye kofia nyeupe iliyofuliwa kila siku. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee Mrisho," naye alijibu, "Marahaba, Salome. Umekula?" Hakuanza safari kabla sijamjibu hilo la pili. Alisema mwongozaji mwenye njaa hufupisha habari na huwakaripia wazee. Alinifundisha kubeba tangawizi kwa wanaochefuka, mifuko ya kutapikia kwa wale ambao tangawizi imewashinda, kanga mbili kubwa za kuwasitiri kina mama pale ambapo porini ndiko choo, na filimbi. Filimbi niliidharau. Nilidhani ni ya walimu wa michezo.

Miaka ya mwanzo tulikwenda Kwihara na vijiji vya jirani tu, tukatoka asubuhi na kurudi mchana. Baadaye kampuni ikaanzisha safari za kutwa za kwenda kuona milima. Tuliondoka Tabora alfajiri, tukapita Nzega na Igunga, tukavuka mbuga ya Wembere, halafu tukapanda mlima Sekenke hadi nyanda za juu za Iramba. Huko watu walikula chakula cha mchana, wakatazama nchi, wakanunua vitunguu, wakarudi.

Kama umekulia Tabora, ambako ardhi ni tambarare na msitu unakufikia puani, hujui nchi yako ikitazamwa kutoka juu ikoje. Nimewaona watu wazima wakifika ukingoni pale na kuona Wembere yote imelala chini ya miguu yao, mifugo kama punje za mtama, na barabara tuliyopita nyembamba kama uzi. Mkulima mmoja wa Usinge, mtu wa miraba minne, alikaa chini ghafla akashika nyasi kwa mikono miwili. Nilipomuuliza kama anaumwa, akasema, "Hapana. Naogopa kuanguka." Alikuwa hatua thelathini kutoka ukingoni.

Mzee Mrisho alikuwa na sharti moja kuhusu mlima ule: basi likiwa kwenye kona zake, nisimsemeshe, na wala nisisimulie chochote kwa abiria. Niliona ni madaha ya madereva. Kisha siku moja tulipofika chini niliingiza mkono kuchukua chupa ya maji kando ya kiti chake, nikagusa mkono wake. Ulikuwa wa baridi na umelowa jasho. Nikashtuka. Mtu aliyenipandisha na kunishusha pale mara zisizo na idadi, kumbe aliuogopa mlima kila siku. "Aliyeacha kuuogopa asiuendeshe," alisema, akafuta mikono kwa kitambaa, akaomba chai. Hatukulizungumza tena.

Sasa niwaeleze siku yenyewe.

Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu, wakati wa mvua. Kina mama wa parokia moja ya Ulyankulu walikodi basi. Wengi wao wazazi wao au wao wenyewe walikuja kutoka Burundi wakiwa wakimbizi, wakalima tumbaku na mahindi kule, wakazaa, wakawa raia. Walikuja mjini siku moja kabla, wakalala hosteli ya kanisa, na alfajiri niliwakuta wamejipanga wote wamevaa vitenge vya sare, bluu yenye maua ya njano. Kiongozi wao aliitwa Konsolata, mama mwenye sauti ya kuamrisha na moyo mwepesi. Alikuja na mama yake mzazi, Bibi Yustina, mwembamba, amenyooka, asiyesema sana. Konsolata alikaa mbele na orodha yake. Bibi alikaa nyuma, karibu na wazee wenzake.

Walikuwa arobaini na wawili. Waliimba mpaka Igunga.

Tulipoanza kupanda mlima wakanyamaza, kama kila mtu. Mvua ilikuwa imeinywesha nchi vizuri. Huko juu vilima vilifuatana, kimoja nyuma ya kingine, kijani kibichi, na ukungu ulikuwa umebaki mabondeni. Tuliposimama nilichukua kipaza sauti nikasema maneno niliyoyasema kila safari: "Kina mama, tazameni milima hii. Milima haijui shida za watu." Walipiga makofi. Nilimwona Bibi Yustina kwenye kioo. Hakupiga makofi. Alikuwa ameweka kiganja kwenye dirisha.

Tulikula wali na maharage kwenye uwanja wa kanisa dogo kando ya barabara. Kina mama wakapiga picha, wakanunua vitunguu magunia kwa magunia. Saa nane nikapiga filimbi, wakapanda, nikapita katikati nikihesabu vichwa kwa macho, kama nilivyofanya miaka yote. Arobaini na wawili. Nikamwambia Mzee Mrisho, "Tumetimia." Tukaanza kushuka.

Tulipofika chini, kwenye tambarare ya Wembere, Konsolata alinyanyuka ampelekee mama yake maji. Nilisikia hatua zake zikienda nyuma, kisha ukelele ambao sijawahi kuusikia ndani ya basi. Mzee Mrisho alifunga breki. Nilikimbia. Kwenye kiti cha Bibi Yustina kulikuwa na gunia la vitunguu, limesimama wima, limefunikwa kitenge cha bluu chenye maua ya njano.

"Mama yuko wapi?" Konsolata alinishika mabega. "Dada, mama yangu yuko wapi?"

Mama wa kiti cha jirani alianza kulia. Alidhani Bibi amehamia mbele kwa binti yake, ndipo akaweka gunia lake pale na kulifunika lisichafue watu kwa udongo. Konsolata alidhani Bibi yuko nyuma na wenzake. Na mimi nilihesabu kitunguu nikakiita mtu. Nililinyanyua lile gunia, kama vile Bibi angekuwa chini yake.

Bibi hakuwa na simu. Watoto walimnunulia, lakini aliiacha kabatini isije ikaharibika safarini.

"Kaeni," Mzee Mrisho alisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyowahi kumsikia. "Tunarudi juu."

Hakuwahi kuupanda ule mlima mara mbili kwa siku moja. Aligeuza basi, na tulipoingia kona ya kwanza nikakaa kimya kama desturi. Yeye akasema, bila kunitazama, "Salome, leo nisemeshe."

"Niseme nini, Mzee?"

"Chochote. Nikisikia hao wanavyolia nyuma yangu nitatupeleka korongoni."

Nikamsimulia nilivyofundishwa na mama yangu kupika ugali wa muhogo. Sijui kwa nini nilichagua hilo. Nilisema maji, nikasema unga, nikasema mwiko, nikarudia, mpaka tukafika juu. Muda wote huo nilikuwa namwona Bibi ameanguka ukingoni.

Kanisani hakuwepo. Wauza vitunguu walisema walimwona bibi wa kitenge cha bluu akishuka bondeni, upande wa pili wa barabara, anatembea kama mtu anayekwenda kwake. Konsolata, mimi na Mzee Mrisho tukashuka kwa miguu. Njia ilikuwa ya utelezi. Nilipuliza filimbi mpaka midomo ikafa ganzi. Hatimaye mwanaume mmoja alijitokeza kwenye shamba la alizeti akatupungia mkono. Hakuonekana mwenye wasiwasi. Alionekana kama mtu aliyeona jambo asilolielewa.

"Mnamtafuta bibi? Yuko huku," alisema. Jina lake lilikuwa Mkumbo, na shamba lilikuwa lake. "Amenikuta napalilia. Akanisalimu vizuri tu, akasema, 'Mwanangu, niazime jembe kidogo.' Nikadhani anataka kunisaidia palizi. Nikampa."

"Na sasa anafanya nini?" nikamuuliza.

"Anachimba. Nimemuuliza anachimba nini, hajibu. Analia tu huku anachimba. Nimeona si vizuri kumwacha peke yake."

Bibi Yustina alikuwa pembeni mwa shamba, kwenye mteremko, palipo na mawe. Alikuwa amevua viatu. Alikuwa amechimba shimo lisilozidi urefu wa mkono wa mtu, lakini, kwa maelezo ya Mkumbo, la kwenda chini sana, kisha amelifukia bila kuweka kitu ndani, na sasa alikuwa anakusanya udongo juu yake, analisawazisha kwa ubapa wa jembe, taratibu, kama mtu anayetandika kitanda.

"Mama!" Konsolata alipiga kelele, akamkimbilia. "Mama, umetuua leo! Tulidhani umekufa!"

"Subiri," Bibi alisema bila kuinua kichwa. "Nimalize."

"Unafanya nini kwenye shamba la watu?"

Bibi akaweka jiwe. Akatafuta lingine, akaweka. Ndipo akasema, "Siku ile sikuwa na jembe."

"Siku gani?"

"Siku ya kaka yako."

Konsolata akanitazama mimi kama kwamba mimi ningejua. "Mama, sina kaka mkubwa. Mimi ndiye wa kwanza."

"Wewe ni wa pili," Bibi alisema.

Nimeshuhudia mambo mengi kazini, ajali hata mbili, lakini sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Konsolata alikaa chini, kwenye matope, na kitenge chake cha sare. Mkumbo alivua kofia. Bibi alibaki amesimama, amelishikilia jembe, akaeleza kwa Kiswahili, pengine ili sisi wote tusikie, pengine kwa sababu kwa Kirundi asingeweza.

"Aliitwa Deo. Tulitembea siku nne tukiikimbia Burundi. Wewe nilikubeba mgongoni, yeye namshika mkono. Alikuwa na homa. Baba yenu alikuwa amebaki nyuma, hatukumwona tena, hilo unalijua. Siku ya nne asubuhi Deo hakuamka. Wenzangu wakasema twende, wauaji wanakuja. Nikachimba kwa mikono, na kijiti. Ilikuwa mteremko kama huu, una mawe kama haya. Sikufika chini. Niliweka majani, nikaweka mawe machache, nikakuchukua wewe, tukaenda." Akaliegemea jembe. "Miaka yote hii najua kwamba sikufika chini."

"Kwa nini hukuniambia?" Sauti ya Konsolata ilikuwa ya mtoto.

"Ulikuwa unanyonya. Niliogopa nikimtaja maziwa yatakauka, nawe nikukose. Halafu ukakua. Ukaolewa. Nikawa sijui pa kuanzia."

Nilikumbuka maneno yangu ya asubuhi, kwamba milima haijui shida za watu. Nilitamani ardhi ya Mkumbo inifunike na mimi.

Mzee Mrisho ndiye aliyesogea kwanza. Alisimama mbele ya lile tuta, akafungua viganja, akaomba dua yake kimyakimya, akapangusa uso. Kisha akapanda juu kuwaita wengine. Baada ya muda kina mama wakashuka, mmoja mmoja, wakishikana mikono kwenye utelezi, vitenge vya bluu vikishuka mteremko mzima. Hakuna aliyewaeleza mengi. Wazee wenzake Bibi walipoliona lile tuta walielewa, na wawili kati yao walianza kulia kwa namna iliyonifanya nijue kwamba nao waliacha makaburi yao njiani. Wakasali, wakaimba wimbo mmoja wa Kirundi, wa polepole. Mkumbo aliuliza kama anaruhusiwa kuongeza jiwe. Bibi akamwambia, "Ongeza, mwanangu. Shamba ni lako."

"Sitapalima hapa," Mkumbo alisema. "Na watoto wangu nitawaambia."

Tukiwa tunapanda kurudi kwenye basi nilimshika Bibi mkono, nikamwomba msamaha. "Bibi, nilikuacha. Nilihesabu vibaya. Kosa ni langu, na nitaliandika hivyo."

Alinitazama kwa mshangao. "Hukuniacha, mwanangu. Nilijificha nyuma ya kanisa mpaka mkaondoka. Ningeomba ruhusa mngenikatalia, mngesema muda umekwisha."

Akauachia mkono wangu. Akaendelea kupanda.

Ripoti niliiandika kama ilivyokuwa, pamoja na gunia. Nililaumiwa, na ilikuwa haki. Bibi kujificha hakukunifanya nihesabu vizuri. Tangu siku ile nahesabu kwa kugusa bega la kila abiria, mmoja mmoja, hata wakinicheka, nanyi nawaomba mfanye hivyo. Anayekuwa amelala ataamka, hilo halimuui. Kiti chenye mzigo, inueni mzigo muone chini yake. Na yale maneno yangu kuhusu milima sikuyasema tena. Watu wakifika pale juu nawaacha watazame. Anayetaka kuuliza, atauliza. Na msiseme mnajua abiria wenu wanatazama nini.

Wiki chache baadaye Konsolata alinipigia simu. Walikuwa wanamwombea Deo misa, huko Ulyankulu, na Bibi amesema mimi na Mzee Mrisho tusikose. Mzee Mrisho hakuwahi kuingia kanisani maishani mwake. Alifua kofia yake, akaja, akakaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Kanisa lilijaa. Wajukuu wa Bibi walikaa mstari wa mbele, wengine wakubwa tayari, mmoja ana mtoto mgongoni, na wote walikuwa na sura ya watu walioambiwa jambo jana wasilojua waliweke wapi.

Kabla ya kuanza, padre, kijana wa juzijuzi tu, alishuka na daftari lake kuandika nia ya misa. Nilikuwa nimekaa nyuma ya Bibi, nikasikia kila kitu.

"Jina la marehemu?"

"Deogratias," Konsolata alijibu. Alikuwa amejifunza kulisema.

"Ni nani kwako?"

"Kaka yangu mkubwa."

Padre akaandika. Akamtazama Konsolata, mama mwenye mvi na wajukuu wake pembeni, akapiga hesabu kichwani. "Alikuwa mzee wa miaka mingapi?"

Konsolata akamgeukia mama yake.

"Ana miaka minne," Bibi Yustina alisema.

Kalamu ya padre ilibaki imesimama juu ya karatasi. Konsolata akapiga magoti pale pale, katikati ya kanisa, akalaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake. "Mama," akasema, "alikuwa anapenda nini?"

Bibi akafikiri. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akatabasamu, akaanza kumweleza. Padre alifunga daftari, akaketi kwenye benchi karibu yao, na misa ikasubiri.